Fito na Kamba

Mama alifika Ifo, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, akiwa hajawahi kujenga hata tundu la kuku. Kwao Barawa, pwani ya Somalia, nyumba hujengi, waikuta: kuta nene za mawe ya matumbawe zilizosilibwa chokaa, boriti za mikoko kichwani, na babu wa babu yako keshalala humo kabla yako. Vita vya 1991 vilimtoa ndani ya kuta hizo vikamtupa Mombasa, ambako mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi. Kambi za pwani zilipofungwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tulipakiwa lorini na familia nyingine hadi Garissa, tukavuka Tana, tukaendelea kama kilomita mia za mchanga hadi Dadaab. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni vumbi jekundu, na mama ameketi juu ya bunda la turubai la plastiki akikitazama kiwanja tulichopewa kama mtu aliyeletewa deni la mwenzake.

Jirani yetu alikuwa mama mfugaji kutoka pande za Bu'aale. Watoto wote wa bloku tulimwita eddo, yaani shangazi, na mpaka leo sijui jina lake kamili. Alikuja bila kuitwa. Vijana walikuwa wamemletea mama mzigo wa fito kutoka porini, tukawalipa kwa unga wa posho, na mama akadhani kazi imekwisha nusu. Eddo akazisukuma zile fito kwa mguu.

"Abaayo, una kamba?"

Mama hakuwa nazo. Eddo akaketi mchangani. Fito zimejaa porini, alisema, ukizikosa leo utazipata kesho; nyumba huangushwa na kamba. Akaanza kuhesabu mafundo kwa vidole, hapa moja, hapa moja, hapa mawili kwa sababu upepo wa usiku unatokea huku, mlangoni matatu. Alikata hesabu, akatuma mtoto sokoni, na hakuchimba shimo la kwanza mpaka kamba zote zilipokuwa mapajani mwake. Alasiri ya pili tulikuwa na kibanda cha mviringo, fito zimepinda kama mbavu za ngamia, turubai juu na matambara juu ya turubai.

Tangu siku hiyo nimekaa mbele ya walimu wengi wa ujenzi na mipango, na sijampata aliyenifundisha gharama vizuri kuliko yule mama. Tatizo ni kwamba somo lake nililikumbuka baada ya kupoteza miaka miwili na pesa za watu.

Hamu ya usanifu majengo nadhani iliniingia kwa njia ya wivu. Usiku mama alizoea kutuzungusha katika nyumba ya Barawa kwa maneno matupu: hapa ni daka, wageni wa kiume huishia hapa, hapa unapinda, ili mtu wa nje asione ndani, huku kuna zidaka za kuwekea vyombo vya kichina. Nilimuuliza chumba cha ndani kilikuwa na upana gani. "Upana wa boriti," alijibu. Niliuliza tena baada ya mwaka, akajibu vilevile, nami nikaamua amesahau na anajificha nyuma ya neno.

Kisha yakaja matofali. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2010, nikapata kibarua cha ukalimani kwa mafundi waliokuwa kwenye upanuzi wa Ifo. Walichota udongo wa palepale, wakauchanganya na saruji kidogo, wakaushindilia kwa mashine ya mkono hadi likatoka tofali lenye meno, linalokaa juu ya mwenzake bila kuhitaji udongo mwingi wa kuungia. Saa saba mchana, jua la Ifo likiwa limesimama wima, niliweka kiganja upande wa ndani wa ukuta mmoja. Ulikuwa wa baridi. Ndani ya hema jirani mtu hawezi kukaa saa hiyo; hata mbuzi wanatoka.

Serikali ikasimamisha ujenzi wa nyumba hizo. Zilionekana za kudumu mno kwa watu ambao hawakutakiwa kudumu. Halafu ukaja ukame wa 2011, na kiangazi kilipopamba moto zaidi ya watu elfu moja walikuwa wakiingia Dadaab kila siku, katika kambi tatu zilizopangiwa watu 90,000 na sasa zikikaribia nusu milioni. Wakapewa mahema. Mimi nilibaki na swali moja lililonikereketa kama mchanga katika jicho: ni nani aliyekaa darasani akasomea kuamua ukuta gani udumu na ukuta gani usidumu? Nilitaka kukaa darasa hilo.

Njia iliyofunguka haikuwa ile. Mwaka 2013 ulianza mradi wa elimu ya juu ulioviunganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na viwili vya Kanada, York na British Columbia, na masomo yakatolewa Dadaab kwenyewe, sehemu kwa mwalimu aliye mbele yako na sehemu kwa kompyuta. Wengi tulikuwa walimu wa shule za kambini. Ulianza na cheti, ukapanda kwa stashahada, na mwenye nguvu akafika shahada. Usanifu haukuwamo. Nilichukua jiografia ya York kwa sababu ndiyo iliyokuwa na ramani, nikamaliza 2018, mwalimu wa darasa la sita mchana na mwanafunzi usiku, taa ya sola mezani na mende juu ya daftari.

Sasa, mtu mwenye shahada ya jiografia anayetaka uzamili wa usanifu majengo anaingia kwenye msitu ambao hakuna aliyeuwekea vibao. Niliingia kichwa mbele. Nilinunua daftari la mraba, nikachora safu mbili: jina la chuo, karo. Zaidi ya hapo sikuona cha kuandika. Nilizipanga karo kutoka ndogo hadi kubwa, nikafurahi na kazi yangu.

Jambo la kwanza lililonishinda lilikuwa kwamba neno uzamili linabeba vitu viwili. Kuna ule wa miaka miwili, kwa mtu ambaye shahada yake ya kwanza ni ya usanifu. Na kuna ule wa miaka mitatu au mitatu na nusu, kwa aliyetoka fani nyingine, awe mwalimu wa historia au mhasibu. Huu umezoeleka Marekani na Kanada. Huku kwetu hakuna mlango wa namna hiyo. Makerere na Ardhi wanasomesha usanifu kwa miaka mitano kuanzia chini, Nairobi sita, na aliyekuja na jiografia anaambiwa aketi na waliotoka sekondari jana. Nusu ya daftari langu ilifutika kwa taarifa hiyo moja. Vyuo vilivyokuwa nafuu kuliko vyote ndivyo ambavyo mimi sikuwa na sifa ya kuviingia, na unafuu wa mlango usiofunguka haukusaidii.

Ujerumani ilikuwa juu kabisa ya orodha yangu. Vyuo vyake vingi vya umma havitozi karo hata mgeni, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linawadai wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, na baadhi ya vyuo vingine vimeanza kufuata. Bure! Niliandika neno hilo kwa wino mwekundu. Baadaye nikasoma masharti ya viza. Mwanafunzi anatakiwa aonyeshe akaunti iliyofungwa, yenye pesa za kujikimu mwaka mzima, naye huruhusiwa kutoa kiasi kidogo tu kila mwezi. Wakati ule kiasi hicho kilizidi euro 10,000. Septemba 2024 kilipanda hadi euro 11,904. Posho yangu ya ualimu kambini haikufika shilingi 10,000 kwa mwezi. Nilipiga hesabu mara mbili nikidhani kikokotoo cha simu kimeharibika: miaka zaidi ya kumi ya posho, bila kula, bila sabuni, ili nikasome bure. Na hata hivyo walitaka shahada ya usanifu.

Watu hupenda kunitajia Francis Kéré. Nami nampenda, tena sana. Alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso, akaenda Ujerumani mwaka 1985 kwa ufadhili wa kujifunza useremala, akasoma shule ya usiku, akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin. Shule ya msingi ya kijiji chake, ya matofali ya udongo, ilikamilika 2001, naye angali mwanafunzi. Shahada akaipata 2004 akikaribia miaka arobaini, na mwaka 2022 akatunukiwa Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hapa Kenya amejenga Turkana. Lakini wanaonitajia habari zake huanzia kwenye tuzo. Mimi huangalia ile miaka kati ya 1985 na 2004, kumi na tisa, na useremala ulioilipia.

Barua iliyonivuruga ilitoka Marekani mwanzoni mwa 2020. Chuo chenyewe sitakitaja, hakikunikosea neno. Uzamili wa miaka mitatu, wa watu kama mimi, na ufadhili wa nusu karo. Neno hongera lilitokea mara tatu katika ukurasa mmoja. Mama alichinja mbuzi. Jamaa zetu wa Barawa walioko London wakachangishana usiku uleule, na asubuhi hawala ilikuwa imefika Bosnia, kama wenyeji wanavyoliita soko la Ifo. Nikalipa dola 500 za kushikilia nafasi, zisizorudishwa.

Kisha nikakaa na daftari. Karo kamili ilikuwa dola 44,000 kwa mwaka, kwa hiyo nusu yangu ni 22,000. Chumba, chakula na bima ya afya, ambayo chuo chenyewe kinailazimisha, 18,000 nyingine. Arobaini elfu kwa mwaka, mara tatu. Ufadhili wa nusu ulikuwa umenipa deni la dola 120,000, na hapo sijagusa nauli. Usanifu nao una ulaji wake ambao sosholojia haina. Dada mmoja aliyekuwa akisoma fani hiyo Nairobi alinihesabia kwa simu: kompyuta inayoweza kubeba programu za kuchorea, ambayo si ile ya kuandikia barua, maboksi na mbao nyembamba za kutengenezea modeli, ambayo mwalimu akiikataa Jumatatu unaanza nyingine Jumanne, kuchapa michoro mikubwa kila mwisho wa muhula, na usiku. Usiku ndio wa gharama zaidi, alisema. Wenzako wa fani nyingine wanafanya vibarua usiku, wewe uko studio ukikata maboksi.

Ndipo eddo akanirudia. Nilikuwa nimeketi mlangoni, daftari magotini, nikamwona vilevile na kamba mapajani. Karo zilikuwa fito. Nilizikusanya, nikazipanga kwa urefu, nikazishangilia, na sikuwa na hata futi moja ya kamba.

Aprili mwaka ule serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Dadaab kwa sababu ya korona, balozi zikafunga madirisha, na nafasi yangu ikaahirishwa, kisha ikaisha. Nimeona haya kusema kwamba nilishukuru. Jamaa wa London niliwaandikia mmoja mmoja. Hakuna aliyedai chake. Mjomba mmoja tu ndiye aliyeuliza kama mbuzi naye aliahirishwa.

Kuna wakala wa Eastleigh, Nairobi, aliyekula shilingi 20,000 zangu katikati ya mambo haya kwa ahadi ya ufadhili wa Uturuki. Hilo nalipita haraka.

Ningependa kusema hapa jambo ambalo ningelijua nikiwa kidato cha tatu lingeokoa mengi. Vikapu vya ufadhili kwa wakimbizi vimejaa zaidi kwenye shahada ya kwanza. DAFI, inayotokana na fedha za Ujerumani tangu 1992, ni ya shahada ya kwanza. Mpango wa Kanada wa WUSC, uliopokea wanafunzi wakimbizi tangu 1978, huwachukua vijana wanaoanza chuo, na una siri moja nzuri: anayekwenda kwa njia hiyo hufika Kanada akiwa mkazi wa kudumu, kwa hiyo baadaye hulipa karo ya mwenyeji. Mwanafunzi mwenzangu aliyekwenda kwa WUSC anaweza leo kujiombea uzamili wa usanifu kwa bei ambayo mimi, kwa barua ileile na alama zilezile, singeipata. Sikumwonea gere. Basi, nilimwonea kidogo. Anayeota usanifu na bado yuko sekondari aiombe fani hiyo pale pale mwanzoni, maana kupanda basi lingine njiani ni nauli mbili.

Swali jingine nililochelewa kuliuliza ni karatasi itanifikisha wapi. Kenya mtu hajiiti msanifu majengo kwa sababu ana shahada. Kuna bodi ya usajili, BORAQS, kwa sheria ambayo mizizi yake ni ya 1934, na bodi huangalia umesoma wapi, umefanya kazi chini ya nani, umepita mitihani yake. Niliwahi kukuta kozi ya mtandaoni, nafuu kupita zote, iliyojiita uzamili wa usanifu. Niliposoma maandishi madogo nikaona haiongozi kwenye usajili wa nchi yoyote. Ilikuwa fito iliyochorwa kwenye karatasi.

Machi 2021 serikali ilitoa siku 14 uletwe mpango wa kuifunga Dadaab na Kakuma. Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 tuliambiwa hivyo, 2016 tukaambiwa tena, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema amri hiyo inakiuka katiba. Unazoea, lakini huzoei kabisa. Ukiwa mtu wa Ifo, programu ya miaka mitatu unaipima na kalenda mbili: ya chuo, na ile ya matangazo. Wiki ile nilifungua daftari ukurasa mpya, nikachora safu saba. Wanakubali jiografia? Miaka mingapi? Kula na kulala? Vifaa? Karatasi za kusafiria? Nikipata kazi ya jioni? Nikiishia katikati, nitakuwa na nini mkononi? Karo niliipa safu ya nane, pembeni kabisa.

Chuo kilichobaki kimesimama kilikuwa Nairobi, na fani haikuwa usanifu majengo. Ilikuwa uzamili wa mipango ya miji na mikoa, unaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1971, miaka miwili, na watu wa jiografia wanapokelewa kwa mikono miwili. Gharama yote, kula na kulala pamoja, haikufika ile ya nusu mwaka kule Marekani. Nilinuna siku tatu. Nilikuwa nataka ukuta, naambiwa nichukue barabara na mitaro. Mama aliponiuliza nimenunia nini nikamweleza, akasema Barawa pia mtaro ulikuja kabla ya nyumba, kwani maji ya mvua yalikuwa yapite wapi? Mwaka 2006 Ifo ilikuwa imefurika hadi watu wakahamishwa, tukalala juu ya meza za shule. Sikuwa na jibu.

Pesa zilitoka sehemu tatu. Wanawake wa Bosnia walikuwa na ayuuto, upatu wa kila wiki, na mama, aliyekuwa akiuza viungo na mafuta ya nazi, akaomba zamu yake isogezwe mbele. London wakachanga tena, safari hii nikiwatumia ukurasa wa daftari kwa picha, safu zote nane, na mjomba wa mbuzi akatoa mara mbili. Na jioni nilichora. Eastleigh kuna mafundi wanaojenga ghorofa na wenye nyumba wanaotaka kuona chumba kabla hakijamwagiwa zege. Nilijifunza programu ya kuchorea kwa kompyuta ya kuazima, nikalipwa kwa mchoro. Hapo ndipo nilipoona ujanja wa safu ya sita. Ingekuwa studio ya usanifu, jioni zangu zisingekuwa zangu.

Kamba iliyonikata mikono ilikuwa kibali cha kutoka kambini. Kina tarehe, na tarehe zake hazisomi ratiba ya chuo. Basi hufika daraja la Garissa, watu wote wanashuka, vitambulisho upande huu, wengine upande ule, na wewe unakunjua karatasi yako polepole, maana imeshakunjwa mara nyingi hadi inataka kukatika kwenye mkunjo. Mara moja kibali kilichelewa nikakosa mtihani, nikaurudia mwaka uliofuata. Lakini nilikosa mtihani mmoja. Rafiki yangu aliyekuwa akingoja viza ya Ulaya alikosa mwaka mzima, na ada ya ubalozi hairudi.

Idara yetu ilikuwa jengo moja na wasanifu majengo. Nilikuwa nikipita studio zao usiku nikienda stendi, nawaona wamelala juu ya maboksi. Maktaba tulitumia pamoja, na humo, mwaka wa kwanza, nilichomoa rafuni kitabu cha Usam Ghaidan kuhusu mji wa Lamu, cha 1975. Ghaidan alikuwa msanifu wa Iraki aliyefundisha palepale Nairobi na kuupima mji ule nyumba kwa nyumba. Nilifungua michoro nikaona daka. Nikaona njia inayopinda. Nikaona zidaka. Na nikafika alipoeleza kwa nini vyumba vya mawe vya pwani ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko ikizidi mita mbili na nusu hivi haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa, kwa hiyo upana wa chumba ni upana wa boriti.

Nilitoka nje nikampigia mama. Nikamwambia, "Upana wa boriti, mama." Akanyamaza, nadhani alidhani nimeugua. Kisha akasema, "Si nilikwambia?" na kuendelea kupima bizari ya mteja.

Nilijifunza pia kwamba mambo yetu yameshasomwa na wengine. Mwaka 2023 mwanahistoria wa usanifu Anooradha Iyer Siddiqi, wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha kitabu kizima kinachoitazama Dadaab kama usanifu, na katika kazi zake wanawake wanaokunja fito wanahesabiwa miongoni mwa wajenzi. Nilikisoma nikiwa na furaha na kinyongo kidogo. Eddo alikwisharudi Somalia, na hakuna chuo kilichowahi kumuuliza lolote.

Tangu Machi 2025 kuna Mpango wa Shirika, ambao serikali imeuzindua ili kambi hizi ziwe makazi ya kawaida ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Ghafla watu wanaojua mitaro na mipaka ya viwanja wanatafutwa. Nisijifanye kwamba niliona mbele. Nilichagua kwa sababu safu nane zilinikubalia, na bado nikiona ukuta wa matofali yenye meno mkono wangu unakwenda kuugusa. Usanifu sijauacha; daftari lina ukurasa wake, na safari hii nikiomba nitaomba nikiwa na mshahara.

Mwaka jana, siku ya pili ya Idi, msichana wa bloku yetu alikuja na simu. Barua ya udahili, chuo cha ng'ambo, usanifu majengo, ufadhili wa asilimia 60. Mikono yake ilitetemeka kidogo, kama yangu ya 2020. Sikumpa hongera mara tatu. Tulitandika mkeka uani, nikachukua daftari jipya la mraba, tukachora safu. Alijibu haraka mpaka kwenye vifaa, hapo akaanza kutafuna kalamu. Tukaandika kompyuta. Tukaandika bima. Tukaandika akaunti ya benki, viza, nauli ya basi hadi Nairobi na ya ndege kutoka Nairobi, koti la baridi, chumba cha mwezi wa kwanza kabla ufadhili haujafika. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti ya mathenge na korongo wamerudi kwenye matawi yao. Nilihesabu safu: kumi na moja. Nikafunga kalamu.

Mama alikuwa jikoni anachuja chai. Hakutoka, alipaza sauti tu.

"Na nauli ya kurudi mmeiandika?"

Tulitazamana, mimi na yule msichana. Hatukuwa tumeiandika.